Nguzo Iliyobaki na Neno Lililotoweka: Uhakiki wa Historia ya "wraþu"

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida letu akauliza kwa nini idara ya Kiswahili ijishughulishe na neno la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe hawalijui tena. Swali hilo ni la haki na tutalijibu kwa kisa kifupi. Katika kusahihisha insha za wanafunzi wetu tumezoea kupiga mstari mwekundu chini ya neno "sapoti" na kuandika pembeni "msaada". Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa pili alitujia na insha yake mkononi akauliza kwa adabu: Mwalimu, "msaada" limetoka katika Kiarabu, "sapoti" limetoka katika Kiingereza. Mgeni mmoja ana haki gani ya kumfukuza mgeni mwenzake? Tulimjibu kwamba la kwanza limezoeleka na la pili bado. Lilikuwa jibu la mwenye kalamu nyekundu, na mwanafunzi aliondoka bila kuridhika. Sisi pia hatukuridhika.

Tukaamua kuifuata njia ya "sapoti" hadi ilikoanzia. Jambo la kwanza tulilokutana nalo ni kwamba Waingereza nao walilikopa. Neno lao "support" lilitoka katika Kilatini kwa kupitia Kifaransa, na liliingia katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14. Kabla ya hapo walikuwa na maneno yao wenyewe, na mojawapo lilikuwa "wraþu". Makala haya yanahakiki maisha ya neno hilo katika maandishi mawili makuu ya Kiingereza cha Kale, yanachunguza sababu za kufa kwake, kisha yanarudi kwa mwanafunzi wetu na swali lake.

Neno lenyewe

Kiingereza cha Kale ndicho kilichoandikwa Uingereza kabla ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066 na kwa muda mfupi baadaye. Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kufundishwa. Herufi þ katika neno letu, ikiwa kati ya irabu mbili, ilitamkwa kama "dh" ya "dhahabu". Kwa hiyo neno lilisikika kama "wradhu", na ile w ya mwanzo ilitamkwa waziwazi kabla ya r.

Maana yake ya msingi ni ya kifundi: kitu kinachowekwa ili kukizuia kingine kisianguke, kama mti unaoegemezwa kwenye ukuta. Kutokana na maana hiyo lilipata maana pana zaidi ya tegemeo la aina yoyote. Lilikuwa na kitenzi chake, "wreþian", yaani kutegemeza. Aidha liliunda neno ambatani "lifwraþu", ambapo "lif" ni uhai. Tukitaka kulitafsiri kipande kwa kipande, tutasema "tegemeo la uhai".

Halikuwa peke yake. Katika kaya hiyohiyo palikuwa na "fultum", lililotumika sana kwa msaada, hasa wa watu na wa majeshi. Palikuwa na "frofor", yaani faraja, msaada unaomfikia mtu aliyevunjika moyo. Na palikuwa na "help". Kila neno lilikuwa na zamu yake ya kazi. Leo limebaki "help" peke yake. Mengine matatu yamezikwa katika kamusi za wataalamu.

Ushahidi wa kwanza: nguzo ya Askofu Aidan

Andiko la kwanza tunalolitazama ni la Bede, mtawa wa Northumbria katika kaskazini ya Uingereza, ambaye mwaka 731 alikamilisha kwa Kilatini historia ya Kanisa la Waingereza. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 9 au mwanzoni mwa karne ya 10, kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza cha Kale. Jina la mfasiri hatulijui, lakini kazi yake tunayo.

Katika kitabu cha tatu Bede anasimulia kifo cha Aidan. Aidan alikuwa mtawa kutoka Iona aliyeletwa Northumbria mwaka 635 kuwa askofu wa Lindisfarne. Hakuwa hodari katika Kiingereza. Mfalme Oswald, ambaye alijifunza lugha ya Aidan alipokuwa uhamishoni, ndiye aliyekuwa mkalimani wake alipohubiri mbele ya wakuu wa nchi. Walimu wa lugha ya pili tuna sababu ya kumpenda mfalme huyo.

Aidan aliugua akiwa katika makao ya kifalme karibu na Bamburgh. Wakampigia hema upande wa magharibi wa kanisa, likishikana na ukuta. Hapo ndipo alipokata roho, tarehe 31 Agosti 651, akiwa ameegemea mti uliowekwa nje ya kanisa ili kuutegemeza ukuta. Mfasiri wetu anauita mti wenyewe "studu", yaani nguzo. Anapotaka kueleza kazi yake, anasema uliwekwa pale uwe "wraþu" ya kanisa. Tunaomba msomaji aishike tofauti hii: "studu" ni jina la kitu na "wraþu" ni jina la kazi yake.

Baada ya miaka michache Penda, mfalme wa Mercia, alikuja na jeshi akaichoma moto sehemu ile pamoja na kanisa. Nguzo haikuungua. Kanisa likajengwa upya, na nguzo ikarudishwa nje kwenye kazi yake. Kisha moto ukatokea tena, safari hii kwa uzembe wa watu. Bede anasema ndimi za moto zilipenya katika matundu ya misumari iliyoishikiza nguzo kwenye jengo, wala hazikuweza kuidhuru. Kanisa likajengwa mara ya tatu. Sasa nguzo haikurudishwa nje. Iliwekwa ndani ya kanisa iwe ukumbusho wa muujiza, na watu wakawa wanapiga magoti walipoingia. Wengine walichonga vibanzi vyake, wakavitia majini, wakanywa wapate kupona.

Wasomaji wengi hukitaja kisa hiki kwa ajili ya muujiza wake. Sisi tunavutwa na jambo ambalo halisemwi sana: nguzo ilipoingizwa ndani, iliheshimiwa kuliko zamani lakini iliacha kutegemeza kitu chochote. Mfasiri mwenyewe ameliona. Katika sentensi ya kuhamishwa huko hasemi tu kwamba iliwekwa ndani, bali anakumbusha pia kazi ya awali ambayo haikurudishiwa. Wakati huo ilikuwa bado ni "studu", lakini haikuwa tena "wraþu". Hata leo katika kanisa la Mtakatifu Aidan pale Bamburgh kuna boriti juu ya mahali pa ubatizo ambayo kwa mapokeo husemwa ndiyo ile. Jengo halisimami kwa nguvu zake.

Hati za tafsiri hiyo nazo zina kisa chao. Mojawapo ilihifadhiwa katika maktaba ya Cotton mjini London. Mwaka 1731, miaka elfu moja kamili baada ya Bede kumaliza kazi yake, moto uliwaka katika jengo lililotunza maktaba hiyo na hati ile ikateketea isipokuwa vipande. Kwa bahati njema mwanachuoni Laurence Nowell alikuwa ameinakili kwa mkono mwaka 1562. Hati iliyo kongwe kuliko zote, iliyoko Oxford, ilisalimika. Kwa hiyo kitabu kilichosimulia nguzo isiyoungua chenyewe kiliungua, na kikaokolewa na mtu aliyekaa kitako akanakili.

Ushahidi wa pili: "tegemeo la uhai" katika Beowulf

Hati pekee ya utenzi wa Beowulf, iliyoandikwa mnamo mwaka 1000, ilikuwa katika maktaba hiyohiyo na kingo zake ziliunguzwa na moto huohuo. Ndani yake neno "lifwraþu" linatokea mara mbili, na uhakiki wetu umejengwa juu ya mara hizo mbili.

Mara ya kwanza ni baada ya pambano la Beowulf na Grendel, zimwi lililokuwa likila watu katika ukumbi wa mfalme Hrothgar. Beowulf anaueleza mfalme jinsi adui alivyochopoka. Anasema Grendel aliuacha mkono wake, pamoja na bega, uwe "lifwraþu". Wafasiri wengi wa Kiingereza cha leo husema tu kwamba aliuacha "ili aokoe maisha yake". Maana imefika, lakini picha imeanguka njiani. Mtunzi anasema kwamba Grendel aliutoa mkono kama mtu anayeweka mti chini ya paa linaloinama. Uhai wake ulikuwa unaporomoka, akauchomekea kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kiungo cha mwili wake mwenyewe. Mara moja mtunzi anaongeza kwamba kwa bei hiyo Grendel hakununua "frofor" yoyote. Tegemeo lilitolewa, faraja haikupatikana, na zimwi likaenda kufa katika ziwa lake. Maneno mawili ya kaya moja yamewekwa karibu ili tuone kwamba hayalingani. Tukiyatafsiri yote mawili kwa neno moja la "msaada", kejeli yote inatoweka.

Je, mkono wenyewe uliishia wapi? Ulitundikwa chini ya paa la ukumbi uwe alama iliyo wazi kwa watu kuja kuutazama. Haukumtegemeza aliyeuacha, na ukumbini ulikuwa kielelezo tu. Tunaona hapa kilekile tulichokiona Bamburgh, ingawa kwa nia nyingine: kitu kilichowekwa kubeba uzito kimeingizwa ndani kikawa cha kutazamwa.

Mara ya pili ni karibu na mwisho wa utenzi. Beowulf amezeeka na anapigana na joka. Wenzake kumi wamekimbilia msituni, akabaki kijana mmoja, Wiglaf. Baada ya mfalme kufa, Wiglaf anawasuta waoga wale, na katika suto hilo anajisema mwenyewe pia: katika vita vile aliweza kumpa bwana wake "lifwraþu" kidogo tu, lakini hata hivyo alianza kumsaidia ndugu yake kupita kipimo cha nguvu zake. Neno la "kumsaidia" hapo ni "helpan", mzazi wa "help" ya leo.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, panapodhihirika umuhimu wa neno letu. Wiglaf anatofautisha mambo mawili. "Help" ni tendo: mtu huanza kusaidia hata akijua hatashinda. "Wraþu" ni matokeo: ama kitu kimesimama, ama kimeanguka. Kijana alisaidia, lakini hakuweza kutegemeza. Mfalme alianguka. Mtu anayesema kwamba Wiglaf "alitoa msaada kidogo, lakini alisaidia" amemfanya aonekane kama mtu anayejipinga. Na anayesema "alitoa kinga kidogo" ameiondoa nyumba inayoanguka na kutuletea ngao, jambo ambalo mtunzi hakulisema. Katika Kiswahili tungeweza kumwambia msomaji wetu: alikuwa na tegemeo dogo mno la kumpa, lakini hakuacha kumsaidia. "Tegemeo" na "msaada" zinatosha kuitunza tofauti hiyo. Lugha yetu inaweza kuibeba sentensi ya Wiglaf kuliko Kiingereza kilicho mjukuu wake.

Kwa nini lilikufa?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wafaransa walikuja na maneno yao yakawafukuza wenyeji. Tarehe haziliungi mkono jibu hilo. "Support" limeingia mwishoni mwa karne ya 14, wakati ambapo "wraþu" lilikuwa halionekani tena katika matumizi ya kawaida. Mgeni hawezi kushtakiwa kwa kumuua mwenyeji aliyekwisha kuzikwa kabla yeye hajafika. Tunapendekeza sababu tatu nyingine, na tunazitoa kama hoja za kujadiliwa.

Sababu ya kwanza ni sauti. Palikuwa na "wrāþ", mwenye hasira, na "wrǣþþu", hasira yenyewe, ambalo hadi leo ni "wrath" katika Kiingereza cha Biblia. Zamani urefu wa irabu, ukali wa konsonanti na viishio vilitosha kuyatenganisha. Baada ya karne ya 11 irabu za mwisho wa maneno zilififia, na kuta za kutenganisha zikaanza kubomoka. Tegemeo na hasira vikawa karibu kusikika kwa namna moja. Mhubiri anayesema habari za tegemeo la Mungu hangependa waumini wasikie hasira ya Mungu.

Msomaji makini atatupinga kwa mfano wa Kiswahili. Tuna "paa" la nyumba na "paa" wa msituni, na hakuna mwindaji aliyewahi kupiga paa la nyumba kwa mshale akidhani ni kitoweo. Pingamizi hilo ni zuri. Lakini paa wetu wawili wanalindwa na ngeli: tunasema "paa hili limevuja" na "paa huyu amekimbia". "Wraþu" na "wrǣþþu" yote mawili yalikuwa ya jinsi ya kike, kwa hiyo upatanisho wa kisarufi haukusaidia kitu. Isitoshe, Kiingereza kilikuwa mbioni kupoteza jinsi zote. Homonimu peke yake haiui neno. Huua pale ambapo maneno mawili yanakutana katika muktadha mmoja bila mlinzi.

Sababu ya pili ni kazi. Baada ya 1066 makanisa na ngome kubwa zilijengwa kwa mawe chini ya mabwana waliozungumza Kifaransa. Mahakamani na katika nyumba za wakubwa lugha ilikuwa hiyohiyo. Mambo ambayo zamani yalielezwa kwa "wraþu" na "fultum" yalihamia katika lugha nyingine pamoja na wenye kuyaamua. Neno halikukatazwa na mtu yeyote. Lilinyimwa kazi tu.

Sababu ya tatu ni jamaa. "Help" lilikuwa kitenzi cha kila siku, la jikoni na la shambani, na Waskandinavia waliolowea kaskazini na mashariki ya Uingereza walikuwa na neno linalofanana nalo sana. Lilikuwa na ndugu pande zote. "Wraþu" lilikuwa na kitenzi chake na neno ambatani la kishairi, na zaidi ya hapo lilikaa vitabuni. Hata "frofor" lilikawia kufa kuliko yeye, kwa sababu lilikuwa na mahali katika ibada: mwishoni mwa karne ya 12 mtawa Orm bado anamwita Roho Mtakatifu kwa neno hilo, akimaanisha Roho wa faraja. Miaka mia mbili baadaye Biblia ya wafuasi wa Wycliffe inatumia neno lenye asili ya Kifaransa, lililozaa "comforter". Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, mahali hapohapo katika Injili ya Yohana, tunasoma "Msaidizi". Katika jina moja la Roho tunaweza kuona jinsi lugha zinavyopeana zamu.

Nini kilipotea, nini hakikupotea

Tusitie chumvi. Kiingereza hakikuanguka kwa sababu ya kifo cha "wraþu". Kilinunua vingine. Mti wa kutegemeza ulipata jina "prop", lililovuka bahari kutoka nchi za Uholanzi katika karne ya 15. Nguzo ya kusukuma ukuta wa mawe ikapata "buttress" kutoka Kifaransa. "Studu" lenyewe halikufa: mafundi seremala wa Uingereza na Marekani hadi leo huziita nguzo za ndani ya ukuta "stud". Anayelia kwamba lugha hufa kwa kukopa, ajibiwe kwa lugha hii iliyokopa kupita kiasi na leo inasomwa dunia nzima.

Kilichopotea ni uzi uliounganisha mti na uhai. Mkulima wa karne ya 10 aliposikia "lifwraþu" aliuona mti ulioegemea ukuta wa nyumba yake. Mwingereza wa leo anaposema "support" haoni mtu yeyote akibeba chochote, ingawa katika Kilatini neno hilo ni "kubeba kutoka chini". Picha imebaki Roma. Ndiyo maana neno hilo limeweza kutumika kwa fedha, kwa kura, kwa mapenzi, kwa mtambo wa kompyuta na kwa timu ya mpira. Limekuwa neno la kila kitu kwa sababu halionyeshi kitu.

Turudi sasa kwa Kiswahili, maana ndiko "support" limefika likiwa "sapoti". Tazama "mhimili". Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kubeba, picha ileile ya Kilatini. Lakini lilipoingia halikuja peke yake. Tuna "himili", "stahimili", "ustahimilivu", na "hamali" anayebeba mizigo bandarini. Mwanafunzi anayesikia "mihimili ya dola" anaweza kuonyeshwa boriti, kisha hamali, kisha mtu anayestahimili shida, na akaona kwamba ni mzigo mmoja unaobebwa. "Tegemeo" nalo linashikana na "tegemea" na "tegemeza", na "egemeo" na "egemea". Maneno haya bado yako nje ya kanisa, ukutani, yanafanya kazi.

Lakini hatuna sababu ya kujivuna. Tunalo neno "gadi". Kwa watu wa pwani gadi ni mti unaowekwa ubavuni mwa chombo kilichopandishwa nchi kavu, kisije kikalala upande. Hakuna tafsiri bora ya "wraþu" kuliko hiyo. Tukiwauliza wanafunzi wetu wa huku bara, ambao wengi wao hawajaona jahazi likisimamishwa mchangani, watatuambia kwamba gadi ni walinzi, lile lililotoka katika Kiingereza. Hapa hata ngeli zetu haziwezi kusaidia sana. Mazingira ya kifo cha "wraþu" yanajirudia mbele ya macho yetu: neno la tegemeo limekutana na neno jingine la sauti hiyohiyo, mahali ambapo kazi yake haionekani.

Tufanye nini? Tumeona baadhi ya wenzetu wakikusanya maneno kama haya katika orodha za "msamiati adimu" na kuyatungia maswali ya mtihani: eleza maana ya gadi, alama mbili. Nia yao ni njema, lakini hiyo ndiyo nguzo ya Aidan iliyoingizwa ndani. Wanafunzi wanapiga magoti, wanachonga kibanzi, wanakitia majini na kukinywa usiku wa kuamkia mtihani. Asubuhi neno halitegemezi chochote.

Hitimisho

Tunaweza sasa kumjibu mwanafunzi wetu kwa namna isiyotuaibisha. Alikuwa na haki. Mgeni hana ubora juu ya mgeni mwenzake kwa sababu ya nchi alikotoka, wala "sapoti" halina kosa la uzawa. Tayari lina watoto, "kusapoti" na "kusapotiwa", na huenda siku moja litakuwa na jamaa wengi kama "mhimili". Tukilikata kwa sababu ni la kigeni, itatubidi tukate na "msaada", na "mhimili", na "kalamu" tunayokatia.

Kosa letu lilikuwa pale tulipoandika "msaada" pembeni kila mara, bila kusoma sentensi. Tulikuwa tunaondoa neno la kila kitu na kuweka jingine la kila kitu. Tangu siku ile tumebadili utaratibu. Mwanafunzi anapoandika kwamba amepata sapoti ya wazazi, tunamwuliza pembeni: walifanya nini? Kama walilipa karo, basi walimsaidia. Kama walikubaliana na uamuzi wake, walimwunga mkono. Kama walimtuliza alipofeli, walimfariji. Na kama bila wao angeanguka, basi wao ni tegemeo lake, na hilo ni jambo kubwa kuliko mengine matatu. Mara nyingi mwanafunzi hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu, kwa maana hakuwahi kujiuliza. Akishajua alichopewa, neno hulipata mwenyewe. Akiamua baada ya hapo kwamba "sapoti" ndilo analolitaka, tunaliacha.

Wiglaf alijua kwamba alisaidia na kwamba hakutegemeza. Lugha yake ilimpa maneno mawili ya kuusema ukweli huo mchungu mbele ya watu. Tungependa wanafunzi wetu nao, siku watakapokuwa na ukweli wa namna hiyo wa kusema, wayakute maneno yote mawili yakiwa bado yameegemea ukuta.